Nishuke Shimo la Saba au Nirudi Nyumbani?

Jambo sana Mama Mshauri,

Ninaandika kwa simu, usiku, betri imebaki kidogo, kwa hiyo makosa utanisamehe. Nina miaka 38. Nyumba tunayopanga iko Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, na humo wamo mke wangu na watoto wanne. Mimi mwenyewe ninalala Kolwezi, chini ya hema, pamoja na wenzangu saba. Tunachimba kobalti kwa mikono.

Zamani nilikuwa mwalimu wa darasa la tano la msingi. Mwaka 2016 niliweka chaki chini. Mshahara ukilipa kodi, gunia la unga linabaki dukani. Ukinunua gunia, mwenye nyumba anapiga hodi. Nilimwambia mke wangu: nipe miaka miwili. Nitarudi na pesa ya nyumba ya vyumba vitatu ya matofali ya kuchoma, mbele yake duka la vifaa vya ujenzi, na sululu sitaishika tena. Alikubali. Sasa ni miaka tisa.

Si kwamba sikuona kitu. Shimo letu la pili, mwanzo wa 2018, lilifika kwenye jiwe jeusi, lile zito linalochafua mikono kama masizi. Ndani ya wiki sita sehemu yangu peke yangu ilikuwa dola 4,300. Nilinunua lupango, yaani kiwanja, kule Kalebuka, nikaweka msingi. Ule msingi upo hadi leo. Majirani wanaanikia nguo juu yake. Pesa iliyobaki niliiingiza katika shimo la tatu, na tangu hapo sijaziona tena wiki sita kama zile.

Shimo la tatu lilijaa maji. La nne lilitoa jiwe la kijani lenye tenere ndogo, yaani kobalti kidogo ndani yake. Tulipolipeleka depo, kwa wanunuzi wa jiwe, Metorex, ile mashine yao ya kupimia, ikasoma asilimia moja nukta mbili, mnunuzi akacheka. La tano tuliondolewa, tukaambiwa eneo lina mwenyewe. La sita tulifika mita 40, likabomoka usiku. Hakukuwa na mtu ndani, Mungu ashukuriwe, lakini kamba, pampu na sululu zote zimelala humo. Shimo la jirani yetu halikubahatika hivyo. Rafiki yangu tuliyetoka naye Katuba alibaki humo, 2022. Mimi ndiye niliyempelekea mama yake habari.

Mwaka huu wa 2025 ulipoanza, tarehe 22 ya mwezi wa pili, serikali ikasimamisha kobalti kutoka nchini. Depo nyingi zikafunga milango. Tulikula kwa deni. Mtu anayetulisha shimoni, anayetoa unga, tochi na mafuta ya pampu ili tumuuzie yeye tu, ananidai dola 1,150. Sasa tunasikia bei imepanda sana huko duniani, na tangu tarehe 16 ya mwezi huu wa kumi kobalti inatoka tena kwa mgawo. Yule bwana amenipigia. Anasema ana shimo la saba, jiwe ameliona kwa macho yake, na deni atalisahau tukifika chini. Anataka jibu kabla mvua hazijakolea.

Mke wangu anauza ndagala, yaani dagaa, na mafuta ya mawese katika soko la Kenya, mtaa wa hapo Lubumbashi. Ndiye anayelipa shule. Nilipomwambia habari ya shimo la saba alijibu: «Ni weye unajua.» Basi.

Jambo lililonikosesha usingizi ni mwanangu wa kwanza, ana miaka 15. Wiki iliyopita aliniuliza kwa simu kama anaweza kuja likizo ya Noeli anisaidie. Huyu mtoto hesabu anazila kama bukari, yaani ugali. Nilimfokea mpaka nikakata simu. Halafu nikakaa nikajiuliza: kama shimo ni zuri kwangu, kwa nini ni baya kwake?

Mama, watu wananiambia mvumilivu hula mbivu. Nimewaona waliovumilia wakala, na nimewaona waliovumilia wakaliwa. Nitajuaje kwamba lengo langu limekufa, na kwamba si mimi tu niliyechoka? Nikiacha leo, halafu wenzangu wakafika kwenye jiwe mwezi wa tatu, nitaishije na habari hiyo? Na nikirudi mikono mitupu baada ya miaka tisa, nitawaambia nini shemeji zangu, ambao tangu mwanzo walisema dada yao ameolewa na mwalimu, na sasa hata ualimu hana?

Huku shimoni wananiita Mwalimu bado, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika daftari la hesabu za timu.

Mwalimu wa Shimoni

*

Baba Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili usiku, na mara ya tatu asubuhi, kwa sababu barua za usiku zina uzito ambao mchana hupungua. Huu haukupungua.

Nikikusikia vizuri, uliondoka nyumbani na ahadi ya miaka miwili na nyumba moja. Miaka imekuwa tisa, nyumba imebaki msingi, rafiki amezikwa, deni limekua, na sasa mlango mwingine umefunguliwa na mtu yuleyule anayekudai. Unaniuliza kama uingie. Chini ya swali hilo nimesikia lingine, ambalo umelisema kwa mdomo wa mwanao. Nitalifikia.

Nianze na neno lako mwenyewe. Umeniorodheshea mashimo sita, na karibu yote mliyaacha. Maji yakijaa, mnapanda. Jiwe likibadilika rangi likawa maskini, mnapanda. Hewa ikiwa nzito mpaka mshumaa unalegea, mnapanda, wala hakuna anayewaita waoga. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, nimekaa na wachimbaji mezani kwangu, na sijawahi kumsikia mmoja akiona haya kusema «shimo lile limekufa». Analisema kama anavyosema mvua imenyesha.

Basi wewe kuacha unajua, tena unajua kuliko mimi na kuliko shemeji zako. Unajua kwa sababu kabla ya kushuka, timu ina alama zake: tukiona hiki, tunatoka. Sasa niambie, hii safari nzima ya miaka tisa uliiwekea alama gani? Uliweka moja, miaka miwili. Ilipita 2018, mwaka uleule wa jiwe jeusi, na sioni katika barua yako kama mliketi tena wewe na mama wa watoto kuweka nyingine. Pengine ndiyo sababu huwezi kujua kama lengo limekufa au wewe umechoka. Mtu aliyechoka na mtu mwenye akili timamu husema neno moja, «nataka kutoka», na asiye na alama hawezi kuwatofautisha.

Kuhusu zile wiki sita, nitakugusa palipo na kidonda, univumilie. Umeziweka katikati ya barua kama mtu anavyoweka picha ya harusi sebuleni. Mwezi wa tatu wa 2018 kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani katika soko la dunia. Katikati ya 2019 ilikuwa imeporomoka chini ya 30,000. Kwa hiyo siku zile zilikutana bahati mbili: mikono yenu ilifika kwenye jiwe zuri, na dunia ilikuwa na kichaa cha jiwe hilo. Kufika kwenye jiwe kuna jasho lako ndani yake. Kichaa cha dunia hukukileta wewe, wala hukukiondoa. Ninajiuliza kama tangu wakati ule hujawa ukisubiri bahati mbili zikutane tena, huku ukijilaumu kwa ile ambayo haimo mikononi mwako.

Hili la lawama nilisisitize, maana nimeisikia kila mahali katika barua. Hukushindwa kwa uvivu. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na bado bei yake inapangwa mbali na Kolwezi, na milango yake inafungwa na kufunguliwa Kinshasa. Mwanzo wa mwaka huu bei ilikuwa imeshuka karibu na dola 21,000, ndipo serikali ikafunga. Sasa imepanda, ni kweli, wenzako hawakudanganyi. Ila angalia kwa nini imepanda: imepanda kwa sababu haitoki. Mgawo ni tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huu, na 96,600 kwa mwaka mzima ujao wa 2026, chini ya nusu ya kilichokuwa kikitoka. Na mgawo huo wanapewa makampuni, si mtu mwenye mifuko kumi na miwili barabarani. Bei ya kwenye redio na bei ya depo ni ndugu wa baba mmoja, lakini hawali sahani moja. Kabla ya kumjibu yule bwana, nenda soko la madini la Musompo, uliza depo tatu zinalipa kiasi gani leo kwa jiwe la tenere gani, na zinanunua kiasi gani kwa wiki. Andika katika daftari.

Sasa huyo bwana. Simjui, sitamsema vibaya. Lakini mtu anayekudai, anayekulisha, anayenunua peke yake, na ambaye ndiye shahidi pekee wa jiwe lililoonekana, amevaa kofia nne. Anaposema deni atalisahau «tukifika chini», mwulize: na tusipofika? Je, siku za kazi zitaingia katika deni au litaongezeka? Wewe ni mtu wa hesabu. Ukiwa upande wa mwenzako ungeuliza hayo kabla ya chai. Na mwulize shimo lina mita ngapi. Sheria haitaki shimo la mikono lipite mita 30, na la sita mlifika 40, kisha likabomoka.

Nitakwambia habari ya baba yangu, ingawa ni mzee wangu na pengine angenikataza. Alifanya kazi katika kampuni ile kubwa ya madini ya mji huu, na mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipopewa barua za kuondoka kwa hiari, naye alipata yake. Kwa miaka mingi viatu vyake vya kazi vilikaa mlangoni, vimepakwa rangi, kwa sababu aliamini wataitwa tena. Mama hakuvigusa. Sisi watoto tulijifunza kuvizunguka. Siku moja, bila kikao, tulimkuta amevivaa shambani, analima mahindi. Hakutueleza kitu. Sijui mpaka leo kama aliacha kuamini au aliamua tu kwamba viatu vizuri visioze. Ninakusimulia si kwa sababu wewe ni yeye. Ni kwa sababu nakumbuka tulivyovizunguka.

Turudi kwako. Naona njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kushuka shimo la saba. Sitakuambia ni wazimu. Unaijua kazi, na huenda kweli jiwe liko. Ukienda, nenda kama timu inavyoshuka: na alama zilizoandikwa kabla, si zilizobuniwa chini gizani. Tarehe ya mwisho. Deni lisipite kiasi fulani. Mita zisipite kiasi fulani. Siku ya mvua kubwa hakuna kushuka hata bwana akipiga simu mara kumi. Nakala moja ibaki kwa mama wa watoto, kwa sababu ahadi anayoishika mtu peke yake huwa na vidole vilaini. Mwiba wake unaujua: umempelekea mama mmoja habari, na nadhani bado unaibeba.

Unaweza kurudi kwenye chaki. Wengi watakwambia «rudi tu ufundishe», kana kwamba darasa lilikuwa likikungoja limefunikwa kitambaa. Tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure 2019, watoto wamejaa madarasani na walimu wanahitajika kweli. Lakini kuhitajika na kulipwa ni vitu viwili. Wako walimu wanaofundisha miaka wakisubiri namba na jina kwenye orodha ya mishahara. Namba yako ya zamani iko hai au ilifutwa? Hilo usikisie. Siku moja ya kupanga mstari ofisini, na mtu mmoja wa kumwuliza: yule mwalimu mwenzako wa zamani unayemkwepa ukija mjini. Hukumtaja, lakini najua yupo.

Na kuna kitu ulikisema mwishoni, kama mtu anayeweka sarafu mezani huku akitoka: unashika daftari la timu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inawataka wachimbaji wa mikono wawe katika kooperative, yaani ushirika, na kooperative inahitaji mtu anayejua kuandika mizani, kugawa sehemu, kusoma karatasi ya depo na kukataa anapoibiwa. Si kila mahali watakulipa vizuri, na kuna uongozi wa kooperative ambao hautaki mtu anayejua hesabu karibu. Tena wenzako wanaweza kusema Mwalimu ameogopa shimo. Lakini hata huko unaweza kuona kwamba kuacha kuchimba na kuacha Kolwezi si jambo moja.

Lile lengo lenyewe, hebu tulitazame. Nyumba ya vyumba vitatu, duka mbele. Je, ni nyumba isiyowezekana, au ni ile namna ya kuipata kwa mpigo mmoja, mtu anashuka Jumatatu maskini anapanda Jumamosi tajiri? Sote tunaijua hadithi ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi, jinsi mwaka 2014 watu walivyokuta jiwe jeusi chini ya nyumba zao wenyewe. Ilitokea. Na kwa kila anayesimuliwa wapo wasiosimuliwa. Chumba kimoja juu ya msingi ule wa Kalebuka, cha kuhamia na kuacha kulipa kodi ya Katuba, kingegharimu mifuko mingapi ya saruji? Sijui. Huenda ni nyingi kuliko uwezo wenu. Lakini hesabu hiyo sikuiona katika barua, na hesabu ya shimo nimeiona yote.

Unaniuliza utaishije wenzako wakifika kwenye jiwe baada yako kuondoka. Itauma, nisikudanganye, na itauma zaidi kwa sababu watakupigia simu kwa furaha. Lakini swali hilo lina ndugu yake ambaye hukumleta: utaishije kama mmoja wao habari yake itabidi umpelekee mama yake, nawe ulikuwa nje? Hakuna njia inayokukinga na simu zote. Methali ya mvumilivu nayo niachie kidogo. Aliyeitunga nadhani alikuwa tayari ameliona tunda lake kwa macho, liko mtini, bado bichi.

Kuhusu shemeji, nitapita haraka. Waliyasema wanayoyasema ukiwa na chaki, wakayasema ukiwa na sululu. Watayasema.

Mama wa watoto ndiye ninayetaka kukaa naye. Katika barua ndefu hivi amesema maneno matatu: «Ni weye unajua.» Wewe umeandika «basi» baada yake, kama mtu anayefunga mlango. Mimi sijui alimaanisha nini. Mwanamke wa Katuba akisema hivyo anaweza kuwa anakuamini. Anaweza kuwa alikwisha kusema yake mwaka 2019 na hakusikilizwa. Anaweza kuwa amechoka kuulizwa kwa namna ambayo jibu limekwisha kuamuliwa. Na anaweza kuwa ana hesabu zake, za ndagala na mawese, ambazo zimelisha watoto wanne na kulipa shule, wala hakuna aliyeziandika katika daftari lolote. Je, faida yake ya mwezi unaijua? Chukua yako yote ya miaka tisa, pamoja na zile 4,300, toa deni, toa chakula na basi, gawa kwa miezi. Weka namba mbili kando kwa kando. Usinitumie mimi. Msomee yeye, halafu unyamaze mpaka aseme zaidi ya maneno matatu.

Na kijana. Ulimfokea kwa sababu ulisikia sauti yako ya 2016 ikitoka kinywani mwake, nadhani. Ukajiuliza kwa nini shimo liwe baya kwake. Sheria ina jibu lake, watoto hawaruhusiwi. Lakini wewe hukuhitaji sheria, jibu lilitoka kwako kabla hujafikiri, ukakata simu. Lisikilize jibu hilo, bila haraka ya kulitafsiri. Halina lazima ya kumaanisha kwamba nawe utoke kesho. Ila yeye bado anangoja, na anadhani amekukosea. Mpigie. Mwambie hukumkasirikia yeye. Akikuuliza ulimkasirikia nani, si lazima uwe na jibu tayari.

Wasomaji wangu watanisema: Mama, mbona hukumwambia aache? Kwa sababu mwenye kuuguza miaka hiyo tisa ni yeye, na mimi sijawahi kushuka hata mita tatu.

Kama yule bwana anataka jibu wiki hii, mwambie unakwenda nyumbani kwanza. Atangoja, mwenye kudai hungoja. Panda basi uje Lubumbashi, na daftari ulifunge vizuri lisilowe. Ukifika usilitoe siku ya kwanza. Kula bukari na watoto, ulale. Siku ya pili ndipo.

Mama Mshauri